Siri ya Bati la Hilda

Jumatatu, 7 Oktoba
Miaka kumi na moja nimesimama nyuma ya bendi nikipiga besi yangu: sanduku la chai, mpini wa ufagio na kamba moja. Du, du, du. Hakuna anayenitazama, hata mke wangu Glenys, na yeye hukaa meza ya mbele! Macho yote kwa Hilda Pickersgill, miaka themanini na moja, anayekwaruza ubao wa bati aliofulia mama yake. Jumamosi bendi yetu ya skiffle, muziki wa gitaa na vyombo vya nyumbani, inatimiza miaka sitini hapa baa ya Kondoo Mweusi. Norman, mpiga gitaa na mkubwa wetu, katangaza kwamba katika wimbo wa mwisho tutanyamaza, ubao usikike peke yake. Nikapendekeza sanduku. Akasema atalifikiria, akamaliza bia yake bila kufikiria chochote.
Nina mpango.

Jumanne, 8 Oktoba
Mazoezi. Hilda alipokwenda kuagiza pai, nikatia mfukoni subana za kushonea anazovaa vidoleni akipiga, zote nane. Bila subana, bati linakula vidole. Aliporudi akapekua mkoba, akacheka, akaomba vijiko viwili jikoni, akakwaruzia bati.
Mungu wangu. Mvua ya mawe juu ya banda la kuku! Nywele zilinisimama. Nikasahau kupiga sanduku, Norman akanikaripia mbele ya watu.
Nyumbani nikavaa subana, nikakwaruza kikwangulio cha jibini. Hakuna kitu. Kumbe siri haimo kwenye subana. Imo kwenye ubao.

Alhamisi, 10 Oktoba
Nimemwambia Hilda fremu ya ubao imelegea, nitaigundisha. Akanikabidhi kwa shukrani na kipande cha keki ya tangawizi. Niliona aibu. Nikala keki.
Nimekwaruza kutwa nzima. Glenys kauliza kama bandani kumeingia panya.

Ijumaa, 11 Oktoba
Nimempigia Hilda simu: gundi haijakauka, kesho ubao hautakuwepo. Akasema nisijali, ajali kazini. Norman, shingo upande, kanipa mimi nafasi ya kupiga peke yangu katika wimbo wa mwisho. Ushindi! Glenys ananipigia pasi shati. Nimekaza kamba ya sanduku ili ivume hadi barabarani.

Jumamosi, 12 Oktoba
Baa imefurika. Wimbo wa mwisho. Bendi kimya, Norman akaniashiria. Nikavuta kamba mara moja. Ikakatika.
Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kisha nikasikia kitu kutoka jikoni. Hilda anakuja, kakumbatia wavu wa oveni, vijiko viwili mkononi, anakwaruza huku akitembea. Mzee mmoja pembeni akapuliza kitana chake kilichofungwa karatasi. Beryl mwenye baa akashika sinia. Glenys wangu, ambaye hata kanisani haimbi, akawa anagonga glasi kwa pete ya ndoa! Hilda akanifikia, akaniinamia.
"Sanduku si lina ubavu, mwanangu? Gonga."
Nikagonga. Nikalia nikigonga. Watu wasiojua noti hata moja, vyombo vya jikoni, na ukumbi mzima unatetemeka! Sijui ni nini hiki. Kimekuwepo miaka sitini na bado kinanishinda kukieleza. Nilipoinua uso, Glenys alikuwa ananitazama mimi. Mimi! Njiani alinishika mkono mpaka mlangoni.

Jumapili, 13 Oktoba
Sikulala kwa furaha. Sasa nimeelewa kila kitu: ni ule wavu wa oveni.
Saa mbili asubuhi nilikuwa Kondoo Mweusi. Nikamwambia Beryl wavu una kutu, niusafishe. Akalalamika nyama ya Jumapili ataichomea wapi, lakini akanipa, akanisifu kwa moyo mwema. Nimeukwaruza tangu chakula cha mchana. Hakuna kitu. Jirani kafunga madirisha.
Nimekaa bandani nikitafakari, ubao huku, subana kule, wavu magotini. Ndipo nikakumbuka. Jumanne vijiko. Jana vijiko. Vilevile viwili!
Kesho nitamwambia Hilda vimepinda.