Kitalu Kisichopewa Mbolea

Jumatatu, 4 Machi. Nimepata kazi ya ulinzi wa vitalu vya majaribio pale palipokuwa na mgodi. Shimo limefukiwa, udongo umerudishwa, mtama umepandwa. Kitalu kimoja hakipewi mbolea kabisa, kingine kinapewa. Shemeji, kaka wa mke wangu, analinda majani ya ng'ombe, naye ana vitalu viwili vya namna hiyo. Bibi shamba, mtaalamu wa kilimo, kasema ikionekana udongo huu unahitaji mbolea, sote tuliohamishwa kupisha mgodi tutagawiwa bure misimu mitatu. Isipoonekana, kila mtu na lwake.

Nimepima hatua kutoka kwenye mwamba. Kitalu cha bila mbolea kimeangukia palipokuwa shamba la marehemu mama. Hapa alikuwa akiacha ndala zake mwisho wa tuta, zisichafuke.

Jumatano, 17 Aprili. Mtama wa mama umekuwa njano. Shemeji kapita na toroli, akauliza kama nimepanda mtama au vijiti vya meno. Akaongeza kuwa heri marehemu haoni. Mwaka nilioanza shule mama alivuna hapa magunia saba. Nilikaa juu ya la saba.

Alhamisi, 18 Aprili. Alfajiri nimetoa stoo ndoo ya mbolea. Nimeiweka vidole viwili kutoka kwenye shina, kama mama alivyonifundisha. Nimefukia kwa mkono. Udongo haunuki kama zamani.

Jumapili, 12 Mei. Mtama wa mama kijani kibichi. Shemeji kapita kimya. Raha tupu.

Jumanne, 9 Julai. Mavuno. Vitalu viwili vya mtama vimelingana. Bibi shamba kapima mara mbili, akasema basi, mbolea haihitajiki, hakuna cha kugawa. Majirani wakaniangalia. Shemeji akaonyesha majani yake yasiyopewa mbolea: hayafiki kifundo cha mguu. Bibi shamba akaniuliza taratibu nilifanya nini. Nikasema yote. Jaribio litarudiwa, kasema, na ni mara ya mwisho. Mke wangu kasema kumbe ameolewa na mbuzi. Nimeapa mbele ya wote.

Jumamosi, 7 Septemba. Vitalu vimehamishwa. Cha bila mbolea sasa kiko kwenye shamba la marehemu baba yake shemeji. Mtama umeanza njano. Leo nimemkuta shemeji kachuchumaa, anaushika jani moja moja. Kasema mzee alikuwa akiimba akipalilia, tena vibaya. Nakumbuka. Tulikuwa tukimsikia hadi kwetu.

Nimemwambia mlinzi huwa anachelewa kuamka. Mlinzi ni mimi.