Mistari Yangu Mia Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Daktari anasema moyo umechoka. Umekasirika! Yule binti wa ofisini wanayemwita Kifagio ameandika upya msimbo wangu, ule unaogawia programu nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Wangu mistari mia tisa, jasho la miaka saba. Wake sitini na mmoja. Nimestaafu, ila bado ni mkaguzi wa sehemu hiyo. Nisipopinga hadi Ijumaa jioni, wangu unafutwa.

Jumanne, 4 Machi
Nimepinga. Nimesema ameandika bila maelezo. Baada ya dakika tatu akajibu: shikamoo mzee, nimeyaongeza. Nikalazimika kuondoa pingamizi. Adabu gani hiyo! Angenitukana ningepata usingizi.

Jumatano, 5 Machi
Nimepinga tena, kwa hoja nzito sasa. Nimemwambia kufuli zangu kumi na mbili, zile amri za ulinzi ndani ya msimbo, huzuia programu mbili kupewa nafasi moja. Uongo. Moja tu ndiyo inayozuia. Kumi na moja nilizipachika zamani ili shemeji, tuliyefanya naye kazi chumba kimoja, aogope kugusa msimbo wangu. Kosa lake? Aliandika vizuri kuliko mimi. Basi. Amekufa bila kujua.

Alhamisi, 6 Machi
Kifagio amezijaribu kufuli zote, mojamoja, kwenye mashine mia mbili. Kumi na moja hazifungi kitu. Anauliza, kwa upole wake wa kuudhi, kama kuna jambo hakulielewa. Binti yangu, anayenichapia kwa sababu vidole vinatetemeka, akauliza kama mimi na wivu tutazikwa kaburi moja. Nikamwambia basi walichimbe pana. Hakucheka. Nikalia. Nikamwambia yote, hata ya shemeji, ambaye kwake alikuwa mjomba.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi nimemsomea binti yangu barua ya toba kwa Kifagio, aichape. Kurasa mbili, bila kujitetea, na pingamizi nimeliondoa. Kifua chepesi! Akaituma, akanibusu kipajini, akaenda kuchemsha maji.

Nikabaki na mashine. Nikapitia kanuni za ukaguzi, kupitisha muda tu. Pingamizi huondolewa na aliyeliweka, si mwingine. Na akifa? Kanuni kimya. Niliziandika mwenyewe.

Nikachapa kwa kidole kimoja: napinga, sababu nitaeleza baadaye.

Mchana daktari amekuja. Amenishika mkono, akasema kwa huzuni kwamba zimebaki siku chache. Nimemshukuru mpaka akashtuka.