Baiskeli Zenu Zimenimalizia Wafanyakazi

Gulshan Alibhai,
Nyumba ya Wageni ya Alibhai,
Kilindoni, Mafia.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Baiskeli za Pamoja.

Ndugu Mwenyekiti,

Asalaam aleikum. Natumai u mzima na baiskeli zako zina upepo. Mimi sina mpishi, kwa hiyo naandika na njaa. Ukikuta ukali humu, usamehe, ni tumbo.

Mlipoleta baiskeli za pamoja, mtu achukue moja sokoni Kilindoni na kuiacha Utende kwenye geti la hifadhi ya bahari, nilipiga makofi kuliko wote. Sikujua nashangilia msiba wangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Zamani mfanyakazi akinikasirikia alivua aproni, akaenda barabarani kungoja lifti ya kwenda hoteli za Utende. Lifti haiji. Jua linamchoma, hasira inapoa, anarudi kuosha vyombo. Huo ndio uliokuwa mpango wangu wa kutunza wafanyakazi, na haukuwahi kuniangusha. Sasa Matano, mhudumu wangu, ameondoka yai la mgeni likiwa bado kikaangoni.

2. Zulfa, msafisha vyumba, aliniaga anakwenda Utende kuangalia tu. Alirudi kunisalimia akiwa na sare ya hoteli nyingine. Kengele ya baiskeli aliipiga kuanzia msikitini mpaka mlangoni kwangu!

3. Aliyenivunja mgongo ni Bi Mwanahalima, mpishi aliyenilisha tangu sijaota meno, ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi kabla sijamkemea. Aliomba awe anapumzika Ijumaa. Nikampa cheti cha Mfanyakazi Bora. Akaomba tena, nikampa kingine. Sasa vyeti vimejaa ukuta wa jikoni, mwenyewe hayupo. Na baiskeli nilimfundisha mimi, nikimshikia siti nyuma ya soko, nikidhani ni mazoezi ya goti. Wageni waliokuja kuogelea na papa potwe jana niliwapikia mwenyewe. Potwe hawamwogopi, samaki niliyempika mimi wanamwogopa. Inaniuma, Mwenyekiti.

4. Kasa analindwa. Potwe analindwa. Hata matumbawe, yasiyojua kukaanga kitunguu, yana askari wa doria. Mpishi ananyakuliwa mchana kweupe! Naomba hifadhi imtangaze kuwa kiumbe adimu.

Wakati tukisubiri tangazo hilo, naomba kila baiskeli inayotoka Kilindoni kwenda Utende ifunguliwe pedeli. Zinazorudi ziachiwe zake.

Nisalimie nyumbani, wanakamati wote, na fundi wenu, japo ndiye anayezitia upepo.

Wako mwenye njaa,
Gulshan Alibhai

N.B. Kabla sijaituma barua hii, Ijumaa nilichukua baiskeli yenu nikaenda Utende kumrudisha Bi Mwanahalima. Nilimkuta kibarazani amenyoosha miguu, hafanyi chochote. Akanisogezea wali na samaki wa kupaka, akaniambia nikae. Nikakaa. Sikumbuki ni lini nilikaa siku ya Ijumaa. Nilikula mpaka machozi yakanitoka, kisha nikamwomba radhi. Hoteli iliyomwajiri inatafuta mtu wa mapokezi, naanza Jumatatu. Wageni wangu nao wamenifuata, kila mmoja na baiskeli yake. Zile pedeli, tafadhali, msiziguse.