Profesa Ngurumo Agombea Kiti cha Dramu

Jumapili, tarehe 4 Agosti

Mimi nilizaliwa na bahati. Wengine huzaliwa na meno, mimi na bahati. Leo Mzee wa Vijiti, mpiga dramu aliyetutangulia sote na ambaye sasa viganja vimemgomea, ameniita kwake akanikabidhi boksi. Ndani: majarida thelathini na moja ya wapiga dramu! Karatasi nene za kung'aa, picha za rangi. Akaniambia katika wapiga dramu wote anaowajua, ni mimi tu ninayestahili. Machozi yakamlenga. Yangu pia. Nikajitwika boksi kichwani nikapita barabara kuu, makusudi, ingawa njia ya mkato ipo.

Na limekuja kwa wakati wake. Shemeji, kaka wa mke wangu na kiongozi wa bendi yetu, ametangaza mchujo. Jumamosi, ukumbini. Mimi au Kinyozi. Atakayeshinda atakalia kiti cha dramu msimu mzima wa harusi. Eti miaka kumi na moja nimekikalia na bado nakimbiza mwendo. Eti nikipiga wimbo wa bi harusi kuingia, bi harusi anafika mbele akihema kama katoka shambani. Uzushi mtupu! Yule bibi alikuwa na viatu vya kuazima.

Bila kile kiti mimi ni nani? Fundi makochi mwenye kelele, basi.

Kinyozi hana jarida hata moja. Yeye ni mtu wa simu. Yumo kwenye kundi la mtandaoni la wapiga dramu elfu nne, na anasema elimu yote iko huko. Saluni yake inatazamana na karakana yangu. Nitamshinda huku namwona.

Jumatatu, tarehe 5 Agosti

Leo utafiti. Jarida na kundi, kipi bora? Nimekaa na majarida tangu asubuhi, kochi la mwalimu likinisubiri bila miguu. Jarida halitaki chaji. Jarida halikutukani. Jarida unakwenda nalo chooni, na likidondoka huiti ndugu kuomboleza. Kasoro yake ni moja tu: lina maneno mengi. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, tusibishane. Maneno ya kitaalamu nayaruka kama madimbwi. Natazama picha. Picha haina darasa.

Na picha nimeipata! Toleo la kumi na mbili, katikati kabisa: bingwa mmoja mwenye mikono kama mapaja, amekaa nyuma ya seti yake, ananitazama usoni na kutabasamu. Nikavuta seti yangu ya nyuma ya karakana, nikaipanga vilevile kama pichani. Matoazi ya mguu nikayahamishia kulia. Ile ngoma nene ya miguu mitatu, kushoto. Nikakaa. Nikapiga. Mikono ikagongana kama wageni mlangoni, miguu ikasahau kazi zake. Papo hapo nikajua: huu ndio ubingwa. Kitu rahisi hakina heshima.

Mke wangu akachungulia, akauliza mbona nimekaa kama mtu aliyevaa shati mgongo mbele. Nikamwambia akamuulize bingwa. Akasema inaonekana bingwa hana mke wa kumwambia ukweli.

Jumanne, tarehe 6 Agosti

Mpango! Nimeingia kwenye kundi la Kinyozi kwa jina la kubuni. Profesa Ngurumo. Picha nimeweka ya radi. Lengo: kupeleleza na, ikibidi, kupotosha.

Kundi lenyewe ni soko la samaki. Mtu kauliza kijiti kishikwe kwa vidole viwili au vitatu. Majibu mia na sitini! Kufikia adhuhuri watu wa vidole vitatu walikuwa wamejitenga na kufungua kundi lao. Nami nikachangia kwamba vidole ni vitano na Mungu hakukosea hesabu. Mmoja akaniita punda. Hajawahi kuniona, lakini punda! Jarida lisingethubutu. Nikamjibu. Akajibu. Nikamjibu tena, kwa herufi kubwa. Nilipoinua macho jua linazama, na kochi la mwalimu bado limekaa chini kama mtoto aliyesusa.

Ila niseme ukweli, nilicheka mpaka mbavu zikauma. Jarida halijanichekesha bado.

Jumatano, tarehe 7 Agosti

Samaki kanasa. Kinyozi, ambaye humo anajiita Wembe, ameandika akiomba msaada. Eti akiona watu, mkono unakimbia. Eti Jumamosi ana mchujo na hana raha, hata mteja jana kamnyoa kwa mwendo wa harusi. Kumbe na yeye! Ugonjwa ule ule!

Kabla mtu hajafungua mdomo, Profesa Ngurumo akajibu. Nikamwambia atafune. Aweke mkate mkavu mdomoni, atafune polepole kama ng'ombe asiye na safari, na mikono ifuate taya. Ushauri huo niliutunga pale pale huku nimebana misumari kwa meno. Hebu ona: Jumamosi, mbele ya watu, Kinyozi anacheua kama mbuzi! Shemeji hatavumilia.

Akajibu kwa adabu zote. Shikamoo Profesa, nitajaribu. Kinyozi kanizidi miaka minne, na mvi zote ni zake. Nikaipokea. Marahaba, mwanangu. Utamu wake siuelezi.

Alhamisi, tarehe 8 Agosti

Balaa! Dawa inafanya kazi!

Tangu asubuhi namsikia ng'ambo ya barabara, vitana viwili juu ya mgongo wa kiti, ta, ta, ta, imetulia kama saa ya ukutani. Kundi zima sasa linatafuna. Watu mia tatu wamenisifu. Yule wa punda ameomba radhi, anasema hata majirani wamemuuliza nani kamtuliza. Wamemwomba Profesa awe msimamizi wa kundi. Nimekubali, kwa unyenyekevu.

Lakini jamani, tazama mkasa huu. Dawa ni yangu, mgonjwa mwenzangu kapona, na mimi siwezi kuinywa. Nitaimezaje na najua niliipika kwa uongo?

Jioni Kinyozi akamwandikia Profesa pembeni, wawili tu. Kuna mzee wake alimwahidi majarida ya dramu, na tangu mwanzo wa wiki hajayaona. Labda mzee kamsahau, umri ndio huo. Ndiyo maana analishukuru kundi: asiye na kisima kwao huomba maji kwa jirani. Akauliza, kati ya jarida na kundi, Profesa anaona kipi bora?

Nikazima simu. Vumbi la sponji liliniingia machoni. Sponji za siku hizi mbaya sana.

Ijumaa, tarehe 9 Agosti

Siku ya hatari. Niko karakana, nasikia mkongojo na kikohozi. Mzee wa Vijiti, anakuja kwangu! Majarida yametapakaa mezani kama nguo za kufua. Kwa nini niyafiche, na ni yangu? Basi tu. Mambo ya watu wazima.

Karibu yangu palikuwa na benchi la kusubiria wateja la Kinyozi. Aliniletea nilishone upya, na lilikuwa limefunguliwa tumbo. Nikatoa sponji, nikasukuma majarida yote ndani, nikavuta kitambaa, nikashona. Mwendo ule wa kukimbiza leo umenifaa. Mzee akaingia, akaacha viti vyote vya karakana, akaketi pale pale. Benchi likaitika khashakhasha. Akasema mwanangu, hili benchi gumu. Nikamwambia ni sponji mpya, haijazoeana na makalio. Akauliza kama ile shughuli nimeimaliza. Nikasema imekwisha, mzee wangu. Akanibariki, mimi na watoto wangu.

Alipopinda kona, kabla sijashika mkasi, mke wa Kinyozi huyo, na msukuma mkokoteni. Nikamwambia benchi halijakauka. Akauliza, kwani umeliosha? Wakalipakia. Nililisindikiza kwa macho hatua zote ishirini mpaka ndani ya saluni. Mteja wa kwanza akakaa. Akainuka. Akaligeukia akalitazama, kama mtu aliyekalia paka.

Imebaki karatasi moja tu, picha ya bingwa, iko mfukoni mwangu. Inatosha.

Jumamosi, tarehe 10 Agosti

Ukumbi ulijaa. Wanabendi, wake zao, mafundi wa mtaani, mwenye ukumbi na funguo zake. Nilianza mimi. Kwanza nikaihamisha seti mbele ya watu, kila kitu kwenye upande wake mpya. Shemeji akauliza, shemeji, unahama nyumba? Nikamwambia atulie, ataona.

Waliona.

Wimbo wa bi harusi kuingia. Mkono wa kulia ukaenda kulitafuta toazi kubwa mahali lilipokaa miaka kumi na moja. Hapakuwa na kitu. Kijiti kikaendelea na safari peke yake, kikampata mpiga tarumbeta begani. Nikachomoa cha akiba. Moyo ukaanza kukimbia, mkono ukaufuata moyo, bendi ikaufuata mkono kwa mbali. Nilimaliza wa kwanza. Wengine wakafika mmoja mmoja.

Kinyozi akarudisha seti ilivyokuwa, akajaza mkate mdomoni. Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikasema moyoni sasa ameisha! Akaanza. Taya polepole, mkono polepole, kila pigo limekaa mahali pake kama vifungo vya shati. Wake wa wanabendi wakainuka wakatembea kibiharusi bila kuambiwa. Shemeji hakuuliza maoni ya mtu.

Nikamtolea ushahidi wangu, ile picha. Akaitazama, akanitazama, akaniambia kwa upole ulioniuma kuliko tusi: huyu bingwa kakuelekea wewe, shemeji. Kulia kwako ndiko kushoto kwake. Umewasalimu watu wangapi maishani usilione hilo? Bendi nzima ikalala chini kwa kicheko. Mpiga tarumbeta alicheka kuliko wote, huku kashika bega lake.

Kisha Kinyozi akasimama kutoa shukrani. Akasema ushindi si wake, ni wa mtu mkubwa asiyemjua sura, Profesa Ngurumo. Makofi yakavuma. Nikasimama nishukuru! Nikakumbuka, nikajifanya nanyoosha mgongo. Halafu nikampigia Kinyozi makofi, na hiyo haikuwa mbinu. Mtu akipiga vizuri kapiga vizuri, mkono wangu hauna kinyongo. Mke wangu akaninong'oneza kwamba hata makofi nayakimbiza.

Shemeji amenipa manyanga. Nikae nyuma, nitikise, nisizidishe.

Jumapili, tarehe 11 Agosti

Nimelala vizuri, nimeamka na akili mpya. Nani kasema manyanga ni madogo? Nimetafuta jarida la wapiga manyanga, halipo. Kundi la wapiga manyanga, halipo. Nimelifungua mimi. Mwanachama ni mmoja, na hatujagombana.

Kinyozi amevuka barabara kunieleza, kaka, lile benchi wateja hawalitaki, wanasubiri wima. Nikamwambia ni mtindo wa kisasa, dawa ya mgongo. Ila kama anasisitiza, alirudishe nilifungue nilitazame. Mambo ya mbinu haya. Ndani mna toleo la kumi na tatu sijalifikia.

Mchana akamwandikia Profesa. Anaomba ushauri wa kiutu, si wa dramu. Mzee wake alimuuliza jana kama boksi la majarida limemfikia. Akamjibu limefika. Hajaliona, lakini aliyetumwa kulileta ni jirani yake, mtu mzima, ana watoto, ana moyo mzuri, na hakutaka mzee amwone mwizi. Je, Profesa, amekosea kusema uongo?

Sponji tena.

Nikamjibu kwa hekima zote. Nikamwambia hakukosea. Nikamwambia jirani kama huyo ni wa kusamehewa, tena moyo wake ni dhahabu, tena nimesikia kwa watu kuwa ni mpiga dramu hatari, na bendi yenye busara ingempa kiti angalau kila harusi ya pili. Nikaongeza kwamba hilo boksi huenda liko karibu yake kuliko anavyodhani. Akajibu ahsante Profesa, shikamoo. Nikasema marahaba.

Sasa daftari, sikia, maana wewe huna mdomo. Lile la Jumapili iliyopita si kweli. Mzee wa Vijiti hakunichagua. Aliniambia maneno matano: hili boksi mpelekee Kinyozi, mwanangu. Mimi nilikuwa mkokoteni tu.