Siku Saba za Kufunga Simu

Siku ya kwanza, tarehe 6 mwezi ya kumi

Jana Pasteur Stanislas alituchapa na mahubiri. Eti bamama ba kanisa yetu banaomba Mungu na jicho moja, jicho ingine iko kwenye simu. Aliniangalia mimi. Kweli, simu yangu ililia katikati ya maombi. Lakini ilikuwa ndani ya sakoshi yangu ya mukono, sikuigusa!

Akaamuru: siku saba bila simu. Kila mama akae kimya, asikilize moyo yake, aandike kwenye kaye, daftari yake, mambo moyo inamwambia. Siku ya Mungu, ile siku ya saba, tutachagua présidente wa bamama. Mwenye alifunga muzuri njo atapata kiti.

Kiti ile ni yangu. Miaka kumi na moja niko vice wa présidente. Vice ni muntu wa kupanga biti, bengine bakalie. Nimechoka.

Mwenye kunisumbua ni Mama Albertine. Bazazi bake balitoka mbali, kule Kasai, na diplome. Bangu balikuwa hapa hapa na jembe. Anauza bikwembe, bitambaa bya bamama, kule ville, katikati ya muji. Anasema Kifaransa hata kwa mbuzi.

Nimeanza kufunga asubuhi. Mbele ya kuanza, nilituma vocal, ujumbe ya sauti, kwenye magroupe tano ya WhatsApp, bantu bajue kama nitanyamaza. Vocal kumi na mbili. Kiisha simu ikafa yenyewe. Hiyo ni alama.

Siku ya pili, tarehe 7

Kimya. Nimekaa kwenye kiti tangu saa mbili, nasikiliza moyo yangu. Moyo imeniuliza kama Albertine naye amezima simu.

Nimemwomba Gaëlle, muke wa mutoto wangu, aangalie kwenye simu yake kama Albertine alionekana WhatsApp. Akasema hiyo ni kuvunja jeûne, ni kuacha kufunga. Nikamujibu jeûne ni yangu, simu ni yake, sasa zambi itapitia wapi? Akaangalia. Albertine alificha saa yake ya mwisho ya kuingia, haionekani. Muntu mwema anaficha nini?

Siku ya tatu, tarehe 8

Leo hakuna hila. Courant, umeme, ilikatika. Redio ya jirani ikanyamaza. Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, peke yangu.

Ghafula nikamukumbuka marehemu bwana wangu, Kalenga. Alikuwa anapiga mluzi akitoka kazi kule usine, kiwandani, akiwa bado mbali, ili niweke maji ya bukari, ugali yetu, juu ya mbabula ya makala. Miaka sita sijasikia ile mluzi. Leo niliisikia kabisa, mpaka nikaacha kutwanga. Nililia kidogo. Haikuuma. Ilikuwa muzuri.

Palepale nikatafuta simu ili nielezee bantu. Hakuna simu! Nikaelezea kuku.

Siku ya ine, tarehe 9

Nimefikiri sana. Simu yenye imezima haifungi, imekufa tu. Maiti haili, lakini nani anasema maiti inafunga? Simu inapaswa kuwa na chaji, niione, niikatae. Hapo njo kufunga.

Kwa hiyo nimeipeleka kwa Franck. Anachajisha masimu pale kwenye kona, juu courant huku kwetu, mtaa ya Kenya, inakuja kama mugeni, na haikai.

Na pale nimeona nini? Masimu imepangwa kwenye meza, kila moja na karatasi ya jina. Moja ya rangi nyekundu: Maman Albertine. Waya iko chini yake! Sikuuliza Franck neno. Simu inafunga na inakula courant? Mimi nilileta yangu, ndiyo, lakini yangu iko na maana.

Nikangoja. Simu yangu ikafika ishirini kwa mia. Nikapiga picha, nikatuma kwenye groupe ya bamama, na vocal: muone simu ya yule mutakatifu wenu, inakula kuliko sisi wote.

Dakika tano, majibu makumi mbili! Mama Deborah alicheka mpaka machozi. Mama Nono aliandika aibu mara tatu. Hata Pasteur aliweka kidole gumba. Nimerudi nyumbani nikiimba. Nimekula bukari mara mbili.

Siku ya tano, tarehe 10

Pasteur alituita wote kanisani kisha midi, saa sita ya muchana. Nilivaa kikwembe yangu ya sikukuu. Nilifikiri ni ya kunishukuru.

Albertine aliingia, akauliza polepole tunasema juu ya picha gani. Yeye peke yake njo hakuiona. Franck aliitwa. Akaeleza kama Mama Albertine alimuachia simu tangu siku ya kwanza, imezimwa, amutunzie, juu aliogopa kushindwa kama iko nyumbani. Na ile waya? Ilikuwa inapita tu, inaenda kwa simu ingine yenye ilikuwa pembeni yake.

Pasteur akanigeukia.

"Mama Chileshe, hii picha ulipiga na nini?"

"Na macho yangu, Pasteur. Simu ilisaidia tu."

Nikabauliza wote: na ninyi mulijibu na nini, na mwiko ya bukari? Deborah aliangalia biatu byake. Nono akatafuta kintu ndani ya sakoshi. Nikauliza pia ile kidole gumba ni ya nani. Pasteur akakohoa, akaanzisha wimbo.

Siku ya Mungu, tarehe 12

Albertine njo présidente. Mikono yote ilipanda. Yangu ilikuwa inakuna kichwa, bakaihesabu.

Alikuja mpaka kwangu, akanishika mukono mbele ya bote.

"Yaya Chileshe, dada yangu mukubwa, ubaki vice wangu. Lakini rudilia zile siku saba, polepole. Kimya iko na kintu ya kukupatia."

Alisema na Kiswahili, bila Kifaransa hata moja. Karibu nimupende. Nikakubali.

Nimerudi, nimekaa, nimesikiliza moyo yangu muzuri sana, na nimejua kosa yangu ilikuwa wapi. Nilinyamaza, lakini nani aliniona? Muntu akinyamaza peke yake, bengine banasema alikuwa amelala. Kesho Gaëlle ataanza kunipiga video, kila asubuhi, nikiwa nimefunga macho. Ataituma kwenye groupe ya bamama. Siku saba, video saba. Présidente na aone kimya inafananaje!