Mbuzi Watatu wa Kumnasa Gaël

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Johannesburg nzima ina watu wawili wanaoijua besiboli. Mmoja ni mimi. Wa pili alihama.

Naandika haya ili wajukuu wajue. Mimi Bakiri wa Tanga, sasa wa mtaa wa La Rochelle hapa Johannesburg, Mkuu wa Usajili wa timu ya Nyuki. Cheo kimedariziwa mgongoni mwa jaketi langu kwa uzi wa dhahabu. Jaketi silivui. Kulala navua. Mara nyingine.

Ligi yetu ni ya wageni, timu nne, mpira wa Jumapili, mshahara hakuna. Ila kila mwaka kabla ya msimu timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, raundi mbili. Iliyoshika mkia ndiyo inayoanza. Tunaanza sisi. (Kushika mkia ulikuwa mpango wangu. Watu hawajui.) Mahmoud mwenye bucha huipa kila timu mbuzi watatu wa kishika mkono. Ukimchagua mtu, unampa mbuzi ndipo asaini. Ukishindwa bei yake, umemkosa.

Jioni mwenyekiti wetu Salum kaniita. Kasema mwaka jana nilileta mtupaji anayefumba macho. Mwaka huu nikikosa mtupaji wa kweli nivue jaketi, nibebe maji. Mimi! Nikamkumbusha kwamba mwaka 1993, bandarini Tanga, nilimfundisha nahodha wa meli ya Kimarekani kushika gongo. Akasema nilipoisimulia mwaka jana, nahodha alikuwa wa Kuba. Eish! Binadamu ana kumbukumbu ya chuki.

Jumanne, 5 Agosti

Kila timu inamtaka Gaël, kijana anayeosha magari Bertrams. Akitupa mpira, upepo unalalamika. Kwa macho yangu nilimwona akimpiga njiwa juu ya paa. Njiwa alipozinduka akaomba radhi.

Desturi ni kumpa chaguo la kwanza mbuzi wawili. Ujinga! Mkakati wangu huu: raundi ya kwanza namtaja Tumu, shemeji yangu, mdogo wake Samira mke wangu. Tumu anakula kwangu, analala kwangu. Atasaini kwa kichwa na miguu ya mbuzi, supu tu. Huku nyuma naeneza habari kwamba Gaël anataka mbuzi wote watatu, hapunguzi hata ukwato. Timu nyingine zitamwogopa. Ataanguka mpaka raundi ya pili kama papai bivu. Mimi niko chini na kapu.

Nikamweleza Tumu. Akauliza, hivi anayepiga mpira huwa anakimbilia wapi? Nikamwambia maswali ya kitoto hayaingii kwenye mkakati.

Mchana nikapita kwa kinyozi Yeoville. Nikamnong'oneza siri ya mbuzi watatu, nikamwapisha. Nafika kwenye teksi, abiria wananisimulia mimi. Bei imeshafika mbuzi wanne na jogoo. Sharp!

Jumatano, 6 Agosti

Kasoro ndogo. Gaël mwenyewe hana habari kwamba anataka mbuzi. Lazima nielewane na mama yake mapema. Kanuni za ligi zinakataza mapatano kabla ya siku ya kuchagua, yaani Jumamosi. Kanuni ni za watu wasio na akili.

Mama Brigitte ni Mkongomani, mjane, muuza pondu, yaani kisamvu. Nikachukua mbuzi mmoja kwa Mahmoud, nikamtia kwenye toroli, Tumu akasukuma. Kwenye robot, taa za barabarani, mbuzi akala maua ya muuza maua. Nikalazimika kununua yaliyobaki. Basi nikafika kwa mjane hivi: kanzu nyeupe, jaketi juu, mbuzi mkono wa kulia, maua mkono wa kushoto, na doti ya khanga begani. Khanga niliitoa kabatini mwa Samira. Mkono mtupu haulambwi.

Uani majirani wamejaa, masikio kama masufuria. Besiboli sikuweza hata kuitaja. Nikasema tu kwamba nyumba hii ina hazina, nimeitazama siku nyingi, sitaki mwingine aiwahi. Mbuzi huyu ni mwanzo, wenzake watafuata. Neno likae kimya mpaka Jumamosi.

Mama Brigitte akainama. Akaniuliza umri wangu. Akauliza kama nakunywa pombe. Akauliza kama nitakubali aendelee kusali kanisani kwake. Nikamjibu asali popote, mimi sina neno. Wakongomani wana adabu sana kwenye biashara! Akaniletea soda, chupa akaifuta kwa kitenge alichojifunga.

Njiani Tumu akasema, shemeji, una uhakika hapa ulikuja kusajili? Nikamwambia asukume toroli.

Ijumaa, 8 Agosti

Maajabu. Natoka msikitini nakutana na Marcellin, meneja wa timu ya Yeoville. Fundi cherehani, suruali nyekundu, viatu vyeupe, pua juu. Salamu yangu huwa haitikii. Leo kanikumbatia! Kaniita beau, yaani shemeji, kwao ndivyo wanavyosema. Kaniuliza nina kaka wangapi na kama wataweza kusafiri. Kachomoa futi yake ya kushonea, kanipima mabega palepale barabarani, bure.

Ananiogopa. Habari ya mbuzi wanne imemfikia. Nikampigapiga mgongoni kwa huruma.

Samira anatafuta khanga yake. Nikasema panya wa mji huu ni wakubwa.

Jumamosi, 9 Agosti, Sikukuu ya Wanawake ya Afrika Kusini

Sijui nianzie wapi.

Ukumbi wa Bertrams ulijaa. Wanawake walipewa meza za kuuza vitafunio. Samira na kachori zake alikuwa mwisho kabisa, karibu na mlango. Nikaitwa wa kwanza. Nikasimama, nikageuka polepole watu wasome jaketi, nikamtaja Tumu. Kicheko! Salum akafunika uso kwa kofia. Ngojeni.

Timu ya Rosettenville wakamruka Gaël. Bertrams wakamruka Gaël, na ni wa mtaani kwao! Papai linaanguka! Ikabaki Yeoville. Marcellin akasimama, akarekebisha tai, akasema, "Namchukua Gaël, mtoto wa dada yangu."

Dada yake! Mama Brigitte na Marcellin tumbo moja! Nikaruka juu kupinga, nikasema kijana bei yake ni mbuzi watatu, Yeoville watabaki na nini?

"Bei yake ni mbuzi mmoja, beau," akanijibu, "na yuko mlangoni kwa dada yangu tangu Jumatano. Si ulimleta mwenyewe?" Akaugeukia ukumbi, akatangaza kwamba Mzee Bakiri ameposa, na familia imeridhia.

Vigelegele. Mama Brigitte akainuka mstari wa mbele. Kajifunga khanga. Ile.

Hapo kachori ya kwanza ikaruka. Kutoka mlangoni, juu ya vichwa vyote, ikatua katikati ya paji la uso wangu. Ya moto. Ya pili ilinipata nimeinama. Ya tatu nilikuwa nyuma ya nguzo. Ya tatu ilipinda!

Nikapiga kelele kwamba mbuzi ni wa besiboli, wallahi, wa besiboli! Mama Brigitte akasema ameshawaambia shangazi zake mpaka Lubumbashi, na mwanamume hatui mbuzi kwa mjane halafu akakimbia. Wazee wao wakateta kidogo. Faini, mbuzi mwingine. Kisha akaifungua khanga, akampelekea Samira mkononi. Akamwambia pole dada, hata mimi nilikuwa najiuliza kwa nini anaongea sana. Wakashikana mikono wakacheka. Sikuona cha kuchekesha.

Raundi ya pili Salum hakunipa nafasi. Akasimama yeye. "Nyuki wanamchagua Bi Samira! Yule wa kachori!"

Samira akafuta mikono. Akataja bei: mbuzi aliyebaki. Na jaketi.

Jumapili, 10 Agosti

Mazoezi. Maji ni mazito, watu hawajui.

Samira ametupa tangu asubuhi, hakuna aliyegusa mpira hata mmoja. Jaketi limemkaa. Kichwa na miguu ya mbuzi wake kampa Tumu, kwa hiyo mkataba wangu wa kwanza umeheshimiwa wote. Salum anajisifu kwamba amegundua kipaji. Amegundua nini? Nani alimlea huyo mtupaji? Miaka kumi na tisa ya ndoa, shabaha alikuwa nani? Mkakati wangu umetimia kama nilivyopanga, umepita njia ya uani tu.

Mwaka ujao hawanipati. Kuna mpiga gongo hatari Rosettenville, naye mama yake ni mjane. Nitakwenda mapema, peke yangu, usiku. Na nitapeleka kondoo. Mbuzi ndiye aliyeniponza. Kondoo haposi mtu.

Jambo moja tu, na liishie kwenye daftari hili. Leo nimekaa na ndoo yangu nikawatazama vizuri kwa saa nzima. Mtu anaupiga mpira, anakimbia mbio zote zile, anazunguka uwanja, anarudi palepale alipoanzia, na wenzake wanamshangilia. Mimi bado sijui kwa nini.