Nimechora mpaka wa Zambia kwenye mchicha wa Mzee Sichone

Nimejiaibisha leo, jamani. Mchana kweupe, mbele ya mtaa mzima, nikiwa nimevaa reflekta. Nasimulia mwenyewe kabla Ester hajawatumia video.

Ester ni rafiki yangu tangu shule. Yuko Ihanda na kahawa za kwao, na ni katibu wa vijana wa kanisani kwao. Vijana hao, watu thelathini, wanataka kuja kutembea Tunduma, na wanatafuta mtu wa kuwatembeza. Nikamwambia asihangaike, mtu huyo ni mimi. Akasema sawa, Jumamosi nina mchana mmoja wa nafasi, nitembeze mimi kwanza nikuone. Kwa hiyo leo ulikuwa usaili. (Ester anakataa kuuita usaili. Mtu kaja na kalamu na daftari, anakataa kuuita usaili!)

Mnanijua. Utalii sijausomea popote, nimejifundisha kwa video za kwenye simu, na nikishika kitu nakishika mpaka chenyewe kinaomba msamaha. Wiki mbili nimeandika ratiba. Soko dakika kumi na tano. Kutazama reli dakika nane. Kushangaa dakika mbili. Nikanunua na reflekta ya kijani ili wateja wasinipoteze kwenye umati. Mteja alikuwa mmoja.

Saa saba kamili tukaanza. Kivutio cha kwanza: foleni ya malori. Nikaeleza kwa sauti ya wale wa kwenye video, "Karibu ujionee fahari ya jiji letu."

Ester akayatazama malori, akanitazama mimi. "Upendo, asubuhi hii nimekaa kwenye fahari yenu karibu masaa mawili."

Nikaweka tiki kwenye ratiba.

Kivutio cha pili, sokoni. Nilitaka aone ninavyoelewana na wageni wetu wa ng'ambo. Nikamfuata mama mmoja wa vitenge nikamwaga salamu ya Kibemba, lugha ya Zambia, niliyoikariri siku tatu: "Muli shani, mayo?"

Mama akanikagua kuanzia reflekta kushuka. "Mwanangu, mimi wa Vwawa. Unataka kitenge, au unataka tu kuongea?"

Ester akaandika kitu kwenye daftari. Sikuuliza.

Ikabaki karata moja: mpaka wenyewe. Watu wote hupiga picha kule kwenye mageti makubwa. Mimi na akili zangu sikutaka picha ya watu wote. Wiki iliyopita, nikizurura mitaa ya nyuma na ramani ya simu, niliona jiwe fupi la zege pembeni ya nyumba, lina herufi na namba juu. Jiwe la mpaka! Nilitaka kulia. Sikumwuliza mtu yeyote. (Sisi tuliojifundisha wenyewe hatuulizi. Ndiyo maana tuko hivi.)

Nikampeleka. "Simama hapo. Mguu wa kushoto Tanzania, wa kulia Zambia."

Kwa mara ya kwanza leo Ester akashangaa. "Kumbe karibu hivi? Hata askari hakuna?"

"Wanatuamini," nikamjibu.

Wanatuamini!

Shida, kwenye picha mpaka haukuonekana, na mimi picha isiyojieleza inaninyima raha. Nikatoa chokaa kwenye begi. (Ndiyo, nilitembea na chokaa. Kilo nzima.) Nikapiga hatua toka jiwe lile hadi jingine kule mbele, nikihesabu kwa sauti, kisha nikamwaga mstari mweupe, umenyooka kuliko maisha yangu. Ulipita katikati ya tuta la mchicha. Nikasema Wazambia watanisamehe.

Mlango ukafunguka. Akatoka mama na mwiko mkononi. Akaona reflekta. Akaona daftari. Akaona mstari. Akainua mwiko juu, akapiga kigelegele.

"Mzee Sichone! Toka nje! Wapimaji wamekuja, na nusu ya mchicha wako iko kwangu!"

Nyumba ya pili akatoka mzee na kandambili moja. "Nani kakutuma, wewe binti? Miaka minne nasubiri mpimaji atuamulie mpaka, anakuja siku nimelala? Huyu Mama Jofrey na mwiko wake amekupikia nini?"

Nikafungua mdomo nieleze. Mtaa ukajaa. Kila mtu ananiita injinia. Mama Jofrey akaniletea kiti, na mimi nikakaa! (Miguu ilikuwa imekwisha, msinihukumu.)

Akafika mwenyekiti wa mtaa, anafunga vifungo vya shati.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Injinia, mbona hukupita kwangu na barua?"

"Mimi si injinia."

"Ni nani?"

Nikainuka kwenye kiti. Hata kuku waliacha kuparura.

"Natembeza wageni. Nilikuwa namwonyesha mwenzangu Zambia."

Mwenyekiti akautazama mchicha. Akautazama tena. "Zambia ipi?"

Nikanyoosha kidole kwa Mzee Sichone.

Mzee Sichone, mzaliwa wa Ndalambo, akavua kofia taratibu. "Yaani nimelala Mtanzania, nimeamka hivi?"

Kicheko kilichofuata nadhani Zambia walikisikia. Zambia yenyewe, ambayo mwenyekiti alinionyesha kwa upole kama mgonjwa, iko upande wa pili kabisa, nyuma ya mgongo wangu. Lile jiwe nililolitetemekea ni bikoni, alama ya mwisho wa kiwanja cha mtu. Ziko mtaa mzima. Hata kwenye nyumba niliyopanga ipo moja. Huwa naanikia viatu.

Nikaambiwa nifagie chokaa yote na kuosha mchicha jani kwa jani. Mama Jofrey akachukua kiti chake. Ester hakunisaidia, mikono yake ilikuwa na kazi ya kurekodi. Tulipoondoka Mzee Sichone akapaza sauti, "Ukirudi huku kwangu, uje na pasipoti!"

Njiani nikajikaza. "Haya, vijana utawaambia nini?"

"Nimeshawatumia video."

Nikafunga macho. "Na?"

"Wamekukubali. Wote. Ila malori hawataki, soko hawataki. Wanataka mchicha tu."

Kwa hiyo kazi nimepata. Mnaocheka, chekeni taratibu: nina watu thelathini wa kuwatafutia pasipoti za kwenda kwa Mzee Sichone.